Safari Yangu na Shanta katika Miji ya Ufaransa

Mhariri ameniomba niwaandikie habari za safari yangu ya likizo ya Julai 2025, hasa kwa ajili yenu mnaojifunza Kifaransa darasani. Wakati ule nalikuwa nikisoma Ulaya kwa mwaka mmoja. Nalikuwa na shanta moja mgongoni na Euro 340 mfukoni, za kula na kulala kwa siku nane. Tikiti za gari moshi nalikuwa nimekwisha kuzinunua zamani, kwa maana huko anunuaye mapema hulipa kidogo sana. Lakini tikiti hizo rahisi zina sharti lake, nanyi mtalisikia.

Nalianzia Marseille, mji wa bandari ulioanzishwa na Wagiriki karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Utokapo katika kituo cha Saint-Charles wajikuta juu ya kilima, na mbele yako ngazi kubwa ya mawe yenye vidato 104 inashuka mjini. Ngazi hiyo ilifunguliwa mwaka 1927, siku za ukoloni, na penye ngazi hiyo zipo sanamu mbili za wanawake waliojinyosha. Mmoja ni mfano wa makoloni ya Asia, na wa pili ni mfano wa makoloni ya Afrika. Watu wanapita na mizigo yao bila kuwatazama. Mimi nikatua shanta langu nikaketi. Nalidhani nitakasirika, kumbe nilichoona zaidi ni haya, kama mtu akutaye picha ya bibi yake imetundikwa katika nyumba ya mtu mwingine, wala mwenye nyumba hajui jina lake.

Jioni ile ile nalikwenda kununua mkate. Nikaingia dukani, nikatoa sentensi yangu ya darasani, sahihi kabisa: nataka mkate mmoja, tafadhali. Mama muuzaji akanitazama, akasema, "Bonjour," kisha akanyamaza. Nikarudia sentensi yangu kwa sauti kubwa zaidi. Akasema tena, "Bonjour." Ndipo nilipofahamu, masikio yakaniwaka moto. Nani kati yetu angeingia nyumbani kwa mtu bila hodi wala salamu, akaanza kuomba chakula? Nikamwamkia, naye akacheka, akanipa mkate. Huko Ufaransa, mtu asiyesalimu kwanza hahesabiwi kuwa mgeni, bali mshenzi.

Katika Marseille wako Wakomoro wengi. Nalipokuwa nikitembea sokoni nalisikia mama mmoja akihesabu fedha zake, na ndani ya hesabu ile nikasikia "mbili" na "nne" kama zetu. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akashtuka, akanishika mkono. Yeye akasema Kikomoro polepole, mimi Kiswahili polepole, na pale tulipokwama tukaazima Kifaransa. Akanitilia machungwa matatu mfukoni, akakataa fedha.

Avignon nalikaa siku moja tu. Kuna jumba kubwa kama ngome, maana Mapapa walikaa mji huo tangu 1309 hata 1377, na daraja ambalo matao yake yamebaki manne tu. Mengine yamechukuliwa na mto Rhône.

Mji ulionipendeza kupita yote ni Lyon. Hapo mito miwili, Rhône na Saône, inakutana. Katika mitaa ya zamani kuna vichochoro vinavyopita ndani ya nyumba. Wasukuma mlango wa mtu, wapita chini ya ngazi zake, watokea mtaa mwingine. Juu ya kilima cha Croix-Rousse dari za nyumba ni ndefu mno, kwa sababu wafumaji wa hariri waliishi humo pamoja na mitambo yao mirefu. Mtambo wa Jacquard, wa mwanzo wa karne ya 19, uliongozwa na kadi zenye matundu, na mafundi wa kompyuta walikuja kutumia kadi za namna hiyo miaka mingi baadaye. Wafumaji hao waliasi mwaka 1831, na tena 1834, kwa ajili ya ujira mdogo, wakashindwa kwa silaha. Nalikaa muda mrefu katika habari hizo, pengine mrefu mno.

Kwa maana asubuhi ya kuondoka naliwahi kituoni nusu saa kabla, nikatafuta gari langu ubaoni, nisilione. Nikamwuliza mtumishi mmoja. Akaisoma tikiti, akaweka kidole juu ya jina la kituo: Part-Dieu. Na mimi nalikuwa Perrache, ng'ambo nyingine ya mji! Nalikimbia, lakini gari halikuningoja, na tikiti ile rahisi hairudishiwi fedha. Nalikuwa nimebakiwa na Euro 61. Tikiti mpya ya gari la mwendo wa kasi ilizidi kiasi hicho, basi nikakata basi la usiku kwa Euro 27, nikashinda kutwa nimeketi kando ya mto nikila mkate mtupu.

Nilifika Paris alfajiri, shingo imekakamaa. Kanisa la Notre-Dame liliungua tarehe 15 Aprili 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024, na kuingia hakulipiwi, jambo lililonifaa sana siku ile. Nalitazamia masizi na giza. Nikakuta mawe yamesafishwa hata yamekuwa meupe kama chokaa mbichi. Mlinzi mlangoni akatazama shanta langu kwa mashaka. Nikawahi kumwambia, "Bonjour, monsieur."