Somo la Malisho: Desmodiamu Yafanya Kazi ya Klova

Mara kwa mara mkulima huja ofisini kwetu Busia akaniuliza, "Mwalimu, mbegu ya klova nitaipata wapi? Nimeiona Kinangop, na ng'ombe wa huko watoa maziwa tele." Ni swali jema, nami nitalijibu hapa ili wote wasikie.

Klova ni mmea wa jamii ya kunde udumuo miaka mingi. Kenya ina klova yake ya asili yenye maua meupe, nayo hupenda nchi za juu zenye baridi. Lakini Busia si Kinangop. Kinangop iko juu ya mita 2,400, na kwetu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ni mita 1,130 hivi. Joto la huku laishinda klova. Basi usitupe fedha zako.

Mmea utufaao ni desmodiamu. Huu pia ni wa jamii ya kunde na hudumu miaka mingi. Hutambaa, na majani yake ni matatu matatu kama ya maharagwe. Mizizi yake ina vinundu vitiavyo rutuba udongoni. Tena klova mbichi, ng'ombe akiila kwa wingi, humfurisha tumbo. Desmodiamu haina hatari hiyo.

Lakini kuna faida nyingine iliyo kubwa kwetu. Wakulima wa Nambale, Butula na Amukura walijua vizuri gugu lile la maua ya zambarau, striga, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Hunyonya mizizi ya mahindi hadi yakadumaa, na mbegu zake hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa icipe huko Mbita, wakiongozwa na Dkt. Zeyaur Khan, waligundua ya kuwa mizizi ya desmodiamu hutoa dawa mbili. Moja huiamsha mbegu ya striga iote. Ya pili huizuia isishike mzizi wa mahindi. Hivyo striga huota ikafa kwa njaa. Ndiyo sababu mmea huu hupandwa ndani ya mahindi, si mbali nayo.

Jinsi ya kupanda

1. Lima na kulainisha udongo mapema, kabla ya mvua za masika. Mbegu ni ndogo sana, haiwezi kupenya mabonge.
2. Panda mahindi kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 75. Katikati ya mistari, chora mfereji wa kina cha sentimita 1 au 2 kwa kijiti.
3. Changanya mbegu na mchanga mkavu, uinyunyize mferejini, kisha uifunike kidogo tu. Kilo 1 yatosha ekari moja.
4. Zungusha shamba kwa mistari mitatu ya nepia au brakiaria. Nyasi hizo huwavuta nondo wa funza wa mabua watage huko, nawe wapata malisho zaidi.
5. Palilia kwa mkono katika juma la tatu, na tena katika juma la tano au la sita.

Hapo kwenye palizi ndipo wengi huanguka, na mimi nilianguka. Msimu wangu wa kwanza nilimwajiri kijana apalilie, nami nikaenda kazini. Jioni nilikuta shamba safi kabisa, na desmodiamu yote imelala kando pamoja na magugu! Kosa halikuwa lake. Sikumwonyesha mche. Basi mwonyeshe kila mtu ashikaye jembe shambani mwako, hata watoto.

Mwaka wa kwanza usikate mpaka umevuna mahindi. Ukikata, acha shina lenye kimo cha upana wa kiganja, litachipua tena. Baada ya mavuno, zungumza na majirani, kwa maana ng'ombe wanaoachiwa huru huila mpaka mzizi. Mwaka wa pili usiing'oe. Ipunguze, kisha panda mahindi yako katikati.

Kulisha

Desmodiamu si chakula cha peke yake. Changanya fungu moja la desmodiamu na mafungu matatu ya nepia iliyokatwakatwa. Nepia hushibisha, na desmodiamu huleta protini itengenezayo maziwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini klova haistawi Busia?
2. Striga hufaje karibu na mizizi ya desmodiamu?
3. Nani shambani mwako hajauona mche wa desmodiamu?

Swali la tatu ulijibu kabla ya palizi. Anza na kipande kidogo, na ukiwa na shaka mwulize afisa wa kilimo wa wadi yako. Miezi mitatu ya subira yatakupa malisho ya miaka mingi.