Matibabu Yamekwisha, Hofu Imebaki

Msomaji mmoja wa Korbesa, mama wa watoto watano, ameiandikia safu hii kwamba alimaliza matibabu ya saratani ya titi mwaka jana, baada ya ukoo kuuza mifugo ili kulipia safari na dawa, na kwamba siku aliyorudi nyumbani alichinjiwa mbuzi. Lakini hadi leo huamka usiku wa manane akajipapasa kwapani kutafuta uvimbe, na kila akijaribu kulisema hilo huambiwa amshukuru Mungu kwa kuwa amepona, hata sasa anauliza kama imani yake ndiyo iliyopungua.

Imani yake haijapungua. Hofu ya kurudiwa na ugonjwa, yaani hali ya aliyetibiwa kuona kila maumivu kuwa dalili ya saratani, huwapata wengi, na aghalabu huzidi miadi ya kliniki inapopungua, kwa sababu wakati wa dawa alikuwapo muuguzi wa kuulizwa. Neno "umepona" husemwa kwa upendo, ila humfunga mdomo anayeambiwa.

Anachokikosa mama huyu ni usaidizi wa rika, yaani mazungumzo na mtu aliyepitia ugonjwa huohuo. Terese Lasser, aliyeondolewa titi huko Marekani mwaka 1952, alianza kuwatembelea hospitalini wanawake waliotoka kupasuliwa, na huduma yake ya Reach to Recovery ikaenea katika nchi nyingi. Jijini Nairobi, shirika la Faraja Cancer Support Trust, lililoanzishwa mwaka 2010, huwapa wagonjwa ushauri nasaha na vikundi vya kuzungumza. Wala wazo lenyewe si geni kwa Waborana, jamii ya mama huyu, kwani katika buusaa gonofaa, utaratibu wa ukoo kumchangia mifugo aliyefilisiwa na ukame au uvamizi, hasara ya mmoja hubebwa na wote. Inasikitisha kwamba usingizi uliopotea hauingii katika hesabu hiyo.

Kwa kuwa Nairobi ni mbali, katika kliniki ijayo mama huyu amwombe muuguzi amkutanishe na mwanamke mwingine aliyetibiwa, naye akiridhia wapeane namba za simu, watumiane ujumbe wa sauti kwa Kiborana. Huyo ataelewa bila kuelezwa kwa nini mkono wa upande uliopasuliwa huvimba, na kwa nini mtungi wa maji sasa hubebwa kwa mkono mmoja. Hata hivyo mwenzake huyo si daktari, hivyo uvimbe mpya, au huzuni inayopita wiki mbili, ipelekwe hospitalini. Mumewe naye, usiku mkewe anapoamka, asimkumbushe kushukuru. Amuulize anatafuta nini, kisha amsikilize.