KUANGUKA KAMA KIFAFA: SI UONGO, WALA SI UCHAWI

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi mama wa nyumbani, tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kalengera, aliyekimbia mapigano ya Rutshuru mwaka 2022, anaanguka mara mbili kila juma. Anatetemeka, hajibu neno. Jirani mmoja anasema amerogwa. Mwingine anasema anajifanya. Anameza dawa ya kifafa mwaka mzima, lakini kuanguka hakuishi. Ana ugonjwa gani?

Ugonjwa wenyewe

Katika kifafa, umeme wa ubongo huvurugika. Katika ugonjwa huu umeme huo hauvurugiki hivyo. Mara nyingi ni hofu, huzuni au mateso ya zamani yanayoangusha mwili. Mgonjwa hajifanyi, wala hawezi kujizuia kwa kuamua tu.

Dalili zake

Mara nyingi mgonjwa hufunga macho kwa nguvu, hutikisa kichwa huku na huku, na kutetemeka kwake huenda kukikoma na kuanza tena kwa muda mrefu. Mwenye kifafa kikubwa kwa kawaida hufungua macho, huweza kujiuma ulimi pembeni, na huacha kutetemeka baada ya dakika 1 hadi 3. Lakini dalili moja haitoshi, na wako wenye magonjwa yote mawili. Mwambie daktari yale uliyoyaona kwa macho yako.

Wanayosema waganga

Madaktari na wauguzi wa nchi zinazoendelea wanataja shida zile zile: mashine ya kupima umeme wa ubongo pamoja na kamera ni adimu, wajuzi wa kutibu kwa mazungumzo ni wachache, na wauguzi wengi hawakufundishwa ugonjwa huu. Ndiyo maana wengi hupewa dawa ya kifafa isiyowasaidia. Sindano za kutuliza zikirudiwa ovyo zinaweza hata kuzuia pumzi. Tiba yenyewe ni kuelezwa ugonjwa vizuri na kuzungumza na mjuzi mara kwa mara. Mjini Goma kiko kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu.

Mtu akianguka, fanya hivi

1. Ondoa vitu vya hatari, weka nguo laini chini ya kichwa.
2. Usimkandamize. Usitie kitu kinywani.
3. Tazama saa. Zikipita dakika 5, mpeleke kituo cha afya.
4. Akitulia, mlaze kwa ubavu, ukae naye.

Angalisho

Usiache dawa ya kifafa ghafla bila ruhusa ya daktari. Kuacha ghafla kunaweza kuua. Na wewe mfanyakazi uliyeanguka, kwa sababu yoyote, usishuke shimoni, usipande ngazi wala kushika mashine mpaka daktari akuruhusu. Mwambie mkuu wako bila kuona haya.

Kumcheka mgonjwa hakumponyi. Msikilize, kisha msindikize kwa mganga.