SOMO LETU: BEJI INAYOJUA ULIPO



Nahodha wa Kibajuni akitoka Chula usiku kwenda Kismayu huongozwa na nyota. Akiona mnara wa taa huutambua kwa namna unavyowaka na kuzimika, kwani kila mnara una namna yake. Mnara humjulisha alipo, lakini wenyewe haumwoni. Tulishike jambo hilo, maana siku hizi taa za namna hiyo zimeingia maghalani na viwandani.

Zinavyofanya kazi

Chini ya paa la mabati ishara za setilaiti hufika dhaifu. Kwa hiyo wataalamu hutumia taa za dari. Taa za LED huweza kuwaka na kuzimika upesi mno, hata jicho la mtu lisitambue. Kila taa hupewa mpigo wake. Mfanyakazi huvaa beji yenye kifaa kidogo cha kupokea mwanga. Kikisoma mpigo, beji hujua iko chini ya taa ipi. Mwaka 2015 kampuni ya Philips ilifunga taa za aina hii katika duka kubwa la Carrefour mjini Lille, Ufaransa, ili simu za wateja ziwaelekeze zilipo bidhaa.

Iko namna ya pili, iliyo kinyume. Kati ya 1989 na 1992 maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, ilitengeneza beji iliyotoa ishara ya mwanga usioonekana kila sekunde 15. Vifaa vya ukutani viliipokea, na kompyuta ikajua mvaaji yuko chumba gani. Hapa mnara ndio unaomwona nahodha.

Faida na hatari

Moto ukizuka, au mwenzetu akianguka ndani ya chumba cha baridi cha samaki, beji yaweza kuokoa roho. Lakini beji hiyo hiyo yaweza kuhesabu dakika za msalani, na kuonyesha nani alisimama na mwakilishi wa chama. Hata beji ya kupokea tu hugeuka mpelelezi mara inapotuma habari kwa msimamizi.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, Tanzania 2022, Somalia 2023. Sheria hizo zitumike.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Habari zabaki ndani ya beji, au zatumwa?
2. Nani huzisoma, na zawekwa siku ngapi?
3. Zaweza kutumiwa kumwadhibu mfanyakazi?
4. Beji huvuliwa wakati wa mapumziko?

Majibu ya mwajiri yaandikwe katika mkataba kabla beji ya kwanza haijavaliwa.