Mzee Aliyestaafu na Habari za Jamaa Yake

Leo twataka kujifunza habari ya mzee aliyeacha kazi ya mshahara na kurudi kwake. Katika Tanzania mtumishi wa serikali aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika miaka 60 sharti astaafu, isipokuwa wachache. Watu hushughulika sana na hesabu ya kiinua mgongo chake, nao wana haki. Lakini liko jambo jingine lisiloandikwa katika hesabu hiyo, nalo ni habari za watoto na wajukuu wake.

Tutazame mlima wa Kilimanjaro, maana huko jambo hili laonekana wazi. Mchaga astaafuye mjini hurudi kihambani, yaani katika shamba la ukoo: migomba ikitia kivuli, kahawa chini yake, na nyumba katikati. Huko hakosi kazi wala furaha. Asubuhi hukata majani makavu ya migomba. Jioni nyumbani kuna kiburu, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Redio husema, na ng'ombe hula majani zizini, kwa kuwa hapana nafasi ya kuchunga. Zamu yake ya maji ya mfereji ikifika, huenda na jembe begani, akakutana na wenzake, na maongezi huwa marefu kuliko maji yenyewe. Mtu aliyekuwa mwalimu au karani miaka thelathini na zaidi, akiamrishwa na kengele na saa, yampendeza kukaa tu akitazama theluji ya Kibo kabla mawingu hayajaifunika. Mimi siuiti uvivu.

Lakini kihamba kina nafasi za watu wasiokuwapo. Kwa desturi ya Wachaga nyumba ya baba humwangukia mtoto wa mwisho wa kiume, naye hukaa karibu na wazazi. Zamani basi mzee hakungoja kuletewa habari. Alizisikia uani mwake. Siku hizi kitinda mimba naye aweza kuwa Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zaidi ya 500, na habari hupita katika simu. Nazo ni habari gani? Fulani amefiwa, fulani amelazwa, ada ya shule haijatimia. Mzee huitika, husema pole, na simu hukatika. Baada ya miezi sita ameisikia misiba yote ya jamaa yake, wala hajui kwamba mjukuu wake ameng'oka jino.

Hapa yafaa tukae kidogo. Habari kubwa hufika zenyewe, hata kwa kinywa cha jirani. Habari ndogo hazifiki mpaka mtu aamue kuzileta. Mtoto ameanza kusoma herufi. Mkwe amejaribu kupika mtori, ukaungua, wakala mkate. Nanyi mwaona haya si kitu. Lakini kesho mzee huyachukua mpaka mferejini, akawachekesha wenzake. Asiye na la kusimulia juu ya watu wake hukaa kimya kati ya wenye nalo, nao wenzake hutambua, ijapokuwa hawasemi. Tena mwulizeni na yeye habari zake, wala msiishie kwenye afya: ndama amesimama? Kahawa imechanua vizuri? Mama aliyestaafu ni vivyo hivyo, naye mara nyingi ndiye ajuaye habari za kijiji kizima, lakini hapana aulizaye.

Desemba wengi hupanda mlimani, na siku chache nyumba hujaa nyama, vikao vya ukoo na kelele za watoto. Mzee hufurahi, lakini hapati nafasi ya kukaa na mtu mmoja. Basi awezaye, abaki siku mbili baada ya magari kuondoka, ashike mkasi waende pamoja shambani. Mavuno yakiisha, kahawa hungoja kupogolewa, na mikono miwili zaidi haikataliwi.