Zuia Mbu: Mwanzo wa Huduma ya Vyandarua katika Bonde la Kilombero

Maji yanayostawisha mpunga wa Bonde la Kilombero ndiyo pia yanayozalisha mbu. Kwa miaka mingi malaria iliondoa uhai wa watoto wengi wa bonde hili, hasa walio chini ya umri wa miaka 5.

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha maabara ya utafiti mjini Ifakara. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1996 watafiti wake walianza kuorodhesha kaya katika vijiji 25 vya Wilaya za Kilombero na Ulanga. Kila baada ya miezi 4 kaya hizo zilitembelewa ili kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama.

Mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Kabla ya hapo wananchi waliulizwa wanapenda chandarua cha namna gani. Mawakala walikuwa watu waliokwisha kuaminiwa vijijini: wenye maduka, viongozi wa vijiji, watumishi wa afya na wa dini. Wajawazito na mama wenye watoto wadogo walipewa hati punguzo kliniki.

Katika miaka 3, watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua katika vijiji hivyo waliongezeka kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Kuanzia mwaka 2004, utaratibu wa hati punguzo ulienezwa nchini.

Hata hivyo, vyandarua vya wakati huo vilihitaji kuchovywa upya kwenye dawa, na kaya nyingi hazikufanya hivyo. Vya sasa vina dawa ya muda mrefu, lakini chandarua kilichotoboka, au kilichoachwa nyumbani familia ikihamia dunguni msimu wa mpunga, hakimkingi mtoto.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kitongoji:
1. Kwa nini mawakala walichaguliwa miongoni mwa wanakijiji?
2. Je, kila mtoto wa kaya yako analala ndani ya chandarua, nyumbani na shambani?
3. Nani katika kaya hukagua na kushona matundu?