Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani: Uchunguzi wa Ligi za Kujitenga katika Kandanda

Ikisiri

Makala hii inachunguza suala la vilabu vya kandanda kujitenga na mashirika yanayousimamia mchezo huo ili kuunda ligi zao. Visa vitatu vinalinganishwa: Kolombia (1949-1954), Uingereza (1992) na Ulaya (2021). Hali ya Kenya inaguswa pia kwa ufupi. Makala inadai kwamba kujitenga si kosa wala si sifa kwenyewe. La muhimu ni kuuliza iwapo mlango wa kuingia kwa jasho umeachwa wazi, mapato yanagawanywa vipi, na nani anayeamua migogoro inapozuka.

1.0 Utangulizi

Usiku wa Jumapili, tarehe 18 Aprili 2021, vilabu 12 vikubwa vya Ulaya vilitangaza kwamba vimeunda mashindano yao wenyewe, Super League. Sita vilitoka Uingereza: Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham Hotspur. Vitatu vilitoka Uhispania: Atlético Madrid, Barcelona na Real Madrid. Vitatu vilivyosalia vilitoka Italia: AC Milan, Inter na Juventus. Kufikia usiku wa Jumanne, vilabu vyote sita vya Uingereza vilikuwa vimeshatangaza kujiondoa. Ligi hiyo ilizikwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.

Kisa hiki hakikuwa cha mbali kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Vilabu vya Uingereza vina wafuasi tele nchini Kenya, na wapo wanaojua orodha ya wachezaji wa Arsenal kuliko ya timu ya mtaani mwao. Hata hivyo, mjadala mwingi uliishia kwenye lawama: wenye vilabu ni walafi, au mashirikisho ni madikteta. Makala hii inakusudia kuvuka lawama hizo na kuuangalia muundo wenyewe wa mgogoro.

2.0 Istilahi na Muundo wa Uongozi

Ni vyema kuanza na maneno. Waandishi wa habari za michezo hutumia vitenzi vitatu kulieleza tukio hili: kujiondoa, kujitenga na kuasi. Vitenzi hivi havina uzito sawa. Anayejiondoa anatumia hiari yake tu. Anayejitenga anajiwekea mpaka baina yake na wenzake. Anayeasi, kwa upande mwingine, anahesabiwa kuwa amevunja utiifu aliokuwa akidaiwa. Kwa hivyo, anayeziita klabu hizo 'waasi' ameshatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Makala hii inatumia istilahi 'ligi ya kujitenga' kwa sababu haielemei upande wowote.

Neno jingine lenye uzito ni 'daraja'. Katika Kiswahili, daraja ni ngazi au cheo. Ndiyo maana timu husemwa imepanda au imeshushwa daraja. Aidha, daraja ni kivuko cha kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Maana zote mbili zinahusika hapa. Kandanda ya Ulaya, na ya nchi nyingi za Afrika, imejengwa kwa madaraja: klabu ya kijiji inaweza, angalau kinadharia, kupanda ngazi baada ya ngazi hadi kukutana na mabingwa. Ngazi hiyo ndiyo kivuko kati ya wanyonge na wenye nguvu.

Juu ya ngazi hiyo kuna uongozi wa tabaka. Vilabu viko chini ya chama cha taifa, chama cha taifa kiko chini ya shirikisho la bara, kwa mfano UEFA barani Ulaya na CAF barani Afrika, na juu kabisa ipo FIFA. Silaha kuu ya mashirika haya ni kutambua au kukataa kutambua. Klabu isiyotambuliwa hunyimwa mashindano ya kimataifa, na wachezaji wake huweza kuzuiwa kuvaa jezi ya taifa.

3.0 Kolombia: Dhahabu Isiyodumu

Ligi ya kulipwa ya Kolombia, iliyosimamiwa na shirika la Dimayor, ilianza mwaka 1948. Punde si punde, Dimayor ilikosana na chama cha soka cha nchi hiyo kilichokuwa mwanachama wa FIFA. Mwaka 1949 ligi hiyo ikajikuta nje ya familia ya FIFA. Kwa kawaida, kutengwa huko kungekuwa kifo. Vilabu vya Kolombia vilikugeuza kuwa fursa. Kwa kuwa havikuwa tena chini ya kanuni za FIFA, viliwasajili wachezaji wa kigeni bila kuwalipa waajiri wao wa awali ada ya uhamisho.

Wakati huo huo, wachezaji wa Argentina walikuwa wametoka katika mgomo wakidai haki zao. Wengi walivuka kwenda Kolombia. Klabu ya Millonarios ya Bogotá iliwapata Adolfo Pedernera, Néstor Rossi na kijana Alfredo Di Stéfano, ikatwaa ubingwa miaka ya 1949, 1951, 1952 na 1953. Kutoka Uingereza, Neil Franklin na George Mountford wa Stoke City walijiunga na Santa Fe mwaka 1950. Uamuzi wao unaeleweka ikikumbukwa kwamba mchezaji wa Uingereza wakati huo hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 12 kwa wiki, hata awe hodari namna gani. Hata hivyo, Franklin, aliyekuwa nguzo ya ulinzi wa timu ya taifa, alikosa Kombe la Dunia la mwaka huo, na alirejea kwao baada ya muda mfupi tu.

Kipindi hicho kinakumbukwa Kolombia kwa jina la El Dorado, nchi ya dhahabu. Dhahabu yenyewe haikudumu. Kwa Mkataba wa Lima wa mwaka 1951, Kolombia ilikubaliwa kurudi kundini kwa sharti kwamba wachezaji waliochukuliwa bila ada wangerudishwa kufikia mwaka 1954. Di Stéfano alihamia Real Madrid mwaka 1953, baada ya mvutano mkali na Barcelona kuhusu nani hasa alikuwa na haki ya kumuuza.

Funzo la Kolombia lina pande mbili. Kwa upande mmoja, ligi iliyo nje ya kanuni hudumu kwa kadiri ya fedha zake tu. Kwa upande wa pili, ligi hiyo ilifichua dhuluma iliyokuwa ndani ya kanuni zenyewe. Wachezaji wasingeikimbilia nchi ya mbali laiti wangalitendewa haki kwao. Uingereza yenyewe iliondoa kikomo cha mishahara mwaka 1961.

4.0 Uingereza: Kujitenga Kulikobarikiwa

Football League ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1888 ikiwa na vilabu 12. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa na vilabu 92 katika madaraja manne, na fedha za televisheni ziligawanywa miongoni mwa madaraja yote. Vilabu vikubwa viliona kwamba watazamaji waliketi mbele ya runinga kwa ajili yao, ilhali mapato yaliliwa na wote. Mwaka 1992 vilabu 22 vya daraja la kwanza vilijiuzulu kwa pamoja na kuunda Premier League. Mkataba wa kwanza wa matangazo, uliohusisha BSkyB na BBC, ulitajwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5.

Kwa nini kujitenga huku kulifaulu? Sababu ni mbili. Kwanza, walijitenga na Football League wala si na Chama cha Soka cha Uingereza, FA. FA, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikishindana na Football League kuhusu mamlaka, iliupa mradi huo baraka zake. Kwa hivyo FIFA na UEFA hazikuwa na sababu ya kuipiga marufuku ligi hiyo. Pili, daraja halikuvunjwa. Timu ziliendelea kushushwa kila msimu na nyingine kupandishwa. Shabiki wa klabu ndogo alibaki na ndoto yake.

Hata hivyo, ndoto na mkate ni vitu viwili tofauti. Pengo la mapato kati ya ligi kuu na madaraja ya chini limepanuka mno tangu mwaka 1992, kiasi kwamba klabu inayoshushwa hulipwa fedha maalum za kuizuia isiporomoke. Ngazi bado ipo, lakini vipago vyake vimeachana.

5.0 Ulaya 2021: Ligi ya Saa Arubaini na Nane

Mradi wa mwaka 2021 haukuzuka ghafla. Tangu miaka ya 1990 vilabu vikubwa vimekuwa vikitumia tishio la kujitenga kama kiboko. Mwaka 1998 kampuni ya Media Partners ilipendekeza ligi ya namna hiyo, na UEFA ilijibu kwa kuipanua Ligi ya Mabingwa hadi timu 32 kuanzia mwaka 1999. Tishio lilizaa matunda bila kutekelezwa.

Safari hii tishio lilitekelezwa. Ligi ingekuwa na timu 20. Kati yake, 15 zingekuwa waanzilishi wenye viti vya kudumu, na 5 tu zingefuzu kila mwaka. Benki ya JPMorgan ya Marekani ilikuwa tayari kuufadhili mradi, na waanzilishi waliahidiwa kugawana euro bilioni 3.5 mwanzoni. Vilabu vilikuwa vimeumizwa na janga la korona, viwanja vikiwa vitupu, na madeni yalikuwa yakibisha hodi.

Kasoro kubwa ilikuwa katika vile viti 15. Klabu mwanzilishi ingeweza kushika mkia mwaka baada ya mwaka na bado ikabaki. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumfariji aliyeshindwa, lakini hapa inafichua maana ya ndani zaidi: pasipo uwezekano wa kushindwa, mashindano yenyewe hayapo. Kinachobaki ni maonyesho.

Upinzani ulitoka kila upande. UEFA pamoja na vyama na ligi za nchi tatu husika zilitishia kuvifungia vilabu na wachezaji wao. Bayern Munich, Borussia Dortmund na Paris Saint-Germain zilikataa kujiunga. Nchini Ujerumani, kanuni inayowapa wanachama wa klabu wingi wa kura ilifanya iwe vigumu kuamua jambo kama hilo bila wao. Tarehe 20 Aprili mashabiki wa Chelsea waliizuia barabara nje ya uwanja wa Stamford Bridge, hadi Petr Čech, kipa wao wa zamani aliyekuwa afisa wa klabu, akatoka kuwasihi walipishe basi la timu. Tarehe 2 Mei mashabiki wa Manchester United waliingia uwanjani Old Trafford, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa.

6.0 Mahakama na Swali la Mwamuzi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mashirikisho yalishinda kwa kuwa yalikuwa na haki. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya haikuona hivyo. Katika hukumu ya tarehe 21 Desemba 2023, ilisema kwamba kanuni za FIFA na UEFA za kuidhinisha mashindano mapya zilikiuka sheria ya ushindani, kwa sababu hazikuwa na vigezo vya wazi, vya haki na visivyobagua. Shirika linaloandaa mashindano na kuyauza ndilo hilo hilo lililokuwa likiamua iwapo mshindani wake aruhusiwe. Kwa lugha ya wahenga, hiyo ni kesi ya nyani hakimu ngedere. Hata hivyo, mahakama ilifafanua kwamba hukumu hiyo haikumaanisha kuwa Super League yenyewe ni lazima iidhinishwe.

Siku hiyo hiyo waendelezaji wa mradi walitoa pendekezo jipya la vilabu 64 vya wanaume katika ligi tatu, na safari hii wakaweka kupanda na kushuka daraja. Hilo lilikuwa kukiri, bila kusema, kwamba viti vya kudumu ndivyo vilivyowaponza. Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuunda msimamizi huru wa soka, mwenye uwezo wa kuvizuia vilabu visijiunge na ligi ya kujitenga.

7.0 Kenya: Fahali Wawili, Nyasi Zile Zile

Kenya ina historia yake. Kampuni ya Kenyan Premier League, KPL, iliundwa mwaka 2003 ikiwa mali ya vilabu vyenyewe, wakati uongozi wa shirikisho ulipokuwa ukilaumiwa vikali. Baadaye KPL iliendesha ligi kuu kwa makubaliano na shirikisho. Mwaka 2015 mvutano ulizuka: KPL ilitaka ligi ya timu 16, nalo shirikisho la FKF likataka timu 18. Kwa muda kukawa na ligi mbili zinazodai ukuu, na mgogoro ukafika mahakamani. Hatimaye msimu ulichezwa kwa timu 16. Makubaliano ya KPL yalipofika mwisho mwaka 2020, FKF ilitwaa uendeshaji wa ligi.

Tofauti na Ulaya, hapa hapakuwa na mabilioni ya kugombewa. Kiini kilikuwa imani: nani aaminiwe kuzishika fedha chache zilizopo na kupanga ratiba isiyovurugika. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia, na nyasi za Kenya ni mchezaji anayesubiri mshahara.

8.0 Hitimisho

Visa hivi vinaonyesha kwamba swali la 'nani mwasi?' halitoshi. Kolombia ilivunja kanuni lakini ikaanika dhuluma ya mishahara. Premier League ilifuata kanuni lakini ikaacha pengo kubwa la mapato. Super League ilijaribu kuliondoa daraja ikakataliwa na mashabiki, lakini mahakama ikabaini kwamba mlinzi wa daraja hilo alikuwa pia mfanyabiashara upande wa pili.

Kwa hivyo, ligi yoyote, iwe ya kujitenga au iliyobarikiwa, yafaa ipimwe kwa vigezo vitatu: je, mnyonge anaweza kuingia kwa jasho lake? Je, mapato yanawafikia walioulea mchezo? Je, mwamuzi wa mgogoro ni mtu asiye na timu? Pale ambapo jibu la mojawapo ni 'la', mbegu ya kujitenga imeshapandwa, na vitisho vya kufungia havitaizuia kuota.